Matokeo ya mwisho yametoka, somo moja halina alama za darasani. Nianzie wapi?

Binti wa Wete

Assalaam alaykum jamaa zangu. Jumanne baada ya Isha matokeo yetu ya mwisho ya chuo yalitoka. Nilikuwa uwani na mama tunachambua karafuu, vidole vimeshika weusi wa makonyo, mwenzangu tuliyekaa naye dahalia akanipigia: "Fungua, yashatoka." Kwetu mtandao hupatikana ukisimama karibu na kisima, basi nikasimama hapo hapo gizani.

GPA, yaani wastani wa alama zangu zote, 3.4. Nimesoma ualimu wa sayansi, Kemia na Baiolojia, na alhamdulillahi sikupata sapu, mtihani wa kurudia, hata moja. Lakini Kemia ya vitendo ya muhula wa mwisho, pahala pa alama za darasani patupu, na ripoti zote sita nilizikabidhi kwa mkono wangu. Nimeandikiwa C. Zile alama zingeingia, ningefika 3.5, ndipo linapoanzia daraja la pili la juu. Mama ananiambia nishukuru, na nashukuru, lakini usiku ule sikulala.

La pili. Binamu yangu yuko hoteli moja Nungwi, anasema mapokezi wanataka mtu. Na skuli niliyosoma mimi hawana mwalimu wa Kemia, mwalimu mkuu kaniomba nikajitolee. Kidato cha tatu na cha nne sisi tulisoma Kemia kwa kunakili madaftari ya waliotutangulia, makosa yao pia tukayanakili. Moyo wangu uko pale. Lakini mimi ndiye mkubwa kwa ndugu watano, na baba hawezi tena kupanda mikarafuu. Nifanyeje?

Ami wa Chake

Hongera sana mdogo wangu. Hilo la alama usilifanye kwa simu. Andika barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa msajili, uambatishe ripoti ulizobaki nazo, na mwenye kupokea akupigie muhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Fanya haraka, kabla Seneti, baraza la taaluma la chuo, haijayathibitisha matokeo. Yakishathibitishwa, kubadilisha alama moja ni safari ndefu.

Mimi yalinifika. Namba yangu ya usajili iliandikwa vibaya kwenye orodha, alama zangu zikawa hazina mwenyewe. Nilikwenda mwenyewe na daftari langu la maabara, siku ya tatu zikaonekana. Na hata ikibaki 3.4, usijione umefeli. Daraja la pili la chini linaanza 2.7, na vyuo vingi hukupokea nalo kwa shahada ya uzamili.

Mama wa Jang'ombe

Mwanangu, nimefanya kazi hotelini miaka 11, nimesomeshea watoto, siisemi vibaya. Lakini jua kwamba ikifika masika, Aprili na Mei, wageni huwa wachache, hoteli nyingine hufunga, na wanaoambiwa wakae nyumbani mwanzo ni wale waliokuja mwisho. Uliza mkataba, usiende kwa maneno ya binamu tu.

Na huko skuli nako uliza. Kujitolea kwa muda gani? Nauli nani anatoa? Kamati ya wazee inaweza kuchangia kitu? Nimeona vijana wanajitolea miaka mpaka wanachoka. Kaa na mwalimu mkuu mpange mwisho wake, na nafasi za serikali zikitangazwa uombe, usingoje kuitwa.

Kijana wa Micheweni

Dada, tayarisha mapema kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha kuzaliwa na barua ya sheha. Mimi tangazo la kazi lilitoka, nikapoteza wiki nzima nahangaikia cheti cha kuzaliwa.

Binti wa Wete

Allah awalipe nyote. Nimefungua sanduku langu, ripoti nne kati ya sita zipo, na mbili zina saini ya fundi wa maabara. Jumamosi napanda meli Mkoani, barua nimeshaiandika.

Binamu nimemwambia anisubiri. Mwalimu mkuu nimemuuliza kama Mama wa Jang'ombe alivyosema: amekubali mihula miwili, na nauli atazungumza na kamati. Kisha akaniambia stoo kuna katoni ya byureti, mirija ya kupimia vimiminika maabara, ambayo haijawahi kufunguliwa, kwa sababu hapana anayejua kuzitumia. Mimi najua.