Tupeane uzoefu: ustaarabu wa kula vitafunwa kwenye hafla

Wakuu, habari za jioni. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, hafla hapa mjini haziishi. Leo sendofu Kisasa, kesho uzinduzi wa mradi Mtumba, Jumamosi kipaimara Nkuhungu. Na kila mahali, kabla ya chakula chenyewe, zinapita sinia za sambusa, katlesi na korosho. Kula kwa kukaa mkekani na kunawa pamoja tulifundishwa nyumbani. Hii ya kula umesimama, glasi huku, kisahani huku, na bosi anakuja kukusalimia, wengi hatukufundishwa na mtu.

Mimi naanza: ama nakula, ama nakunywa. Nikishika kisahani, glasi inabaki mezani. Tishu iko mkono wa kushoto muda wote, ili wa kulia ukiombwa usiwe na mafuta. Karibuni.

Mhudumu wa Area D
Asante kwa mada. Nimebeba sinia kumbi nyingi hapa mjini. Kinachotuumiza ni vijiti. Mtu anakula kipande cha firigisi, kijiti alichokitoa mdomoni anakirudisha kwenye sinia, katikati ya vile ambavyo wenzake bado hawajachukua. Sinia nzima narudi nayo jikoni. Kijiti kikae kwenye kisahani chako au ukikunje ndani ya tishu. Na ukishagusa sambusa ni yako, usiibonyeze na kuiacha.

Mama Wawili
Hilo la kugusa, na la pilipili pia. Ukishang'ata kachori usiichovye tena kwenye bakuli la wote. Chukua kijiko, weka chatne kwenye kisahani chako, chovya unavyotaka.

Mimi ni Mwislamu, huwa namuuliza mhudumu kwa sauti ya chini: "Samahani mwanangu, hii ni nyama gani?" Hajawahi kunikasirikia hata mmoja. Asipojua, nachukua karanga. Kumtangazia mwenyeji mbele za watu kwamba chakula chake hukiamini, hapana.

Kijana wa Ipagala
Naomba niwatetee wenye njaa. Kadi inasema saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 3 usiku, chakula kinafunguliwa saa 5. Mtu ametoka kazini moja kwa moja. Akijaza kisahani korosho na katlesi mnasema mroho! Kamati zikishindwa kutunza muda, ziongeze vitafunwa. Mambo ya kumwangalia mgeni kisahani chake ni kukosa adabu kuliko kula sana.

Mhudumu wa Area D
Kweli kabisa kijana. Ila kwa faida yako, kula kitu nyumbani kabla hujatoka. Sinia hupangwa kwa idadi ya wageni, na meza za nyuma huwa zinafikiwa mwisho. Chukua viwili, sinia itarudi tena.

Mkulima wa Makutupora
Mmesahau zabibu, na hapa ndiyo kwao. Msimu ukifika zinawekwa mezani vishada vizima. Wageni wanachuma moja moja kutoka juu, kinabaki kikonyo kitupu kinachochuruzika maji, na aliye nyuma anaona kinyaa. Kata kitawi kidogo chenye punje tano au sita, kwa mkasi kama upo, kama haupo kikunje kwenye kifundo kitakatika. Weka kwenye kisahani, kula taratibu. Zabibu zetu nyekundu zina mbegu: ziteme kwenye ngumi iliyokunjwa au kwenye tishu, siyo kwenye glasi wala chini ya meza.

Dada wa Makole
Shikamooni wakubwa. Swali: vitafunwa vikiwa tayari mezani tunapoingia, ni ruhusa kuanza?

Mama Wawili
Marahaba mwanangu. Vikiwa vimefunikwa, subiri sala au MC aseme. Vikiwa wazi na wenyeji wameanza, anza na wewe, ila kwanza msogezee sahani mkubwa aliyekaa karibu yako.