Eti vibonyo vya mpira wa gofu ni UREMBO! Mzee wa glovu mbili, leo umenivunjia heshima

Kedi_Mkongwe:
Wakuu, mimi kedi, mbeba begi la wachezaji wa gofu, naandika huku mikono inatetemeka. Jina simtaji, kila anayekanyaga majani ya klabu yetu hapa Dar anamjua: glovu mbili, sauti ya kuamsha maiti, handikapu (alama ya uwezo wa mchezaji) anayoijua yeye na Mungu wake. Leo jioni pale baa, mbele ya wanachama, wahudumu na hadi mlinzi wa geti, kanipokonya mpira mkononi, kauinua juu, kasema: "Dogo, hivi vibonyo ni urembo tu. Kabebe begi." Vile vijishimo vidogo vilivyojaa juu ya mpira! Baa nzima ikacheka.

UREMBO!

Chanzo ni tii, pale pa kuanzia kupiga, ya shimo la 14, lile la kuvuka bwawa. Kwenye shimo lililotangulia mpira wake uligonga njia ya zege, upande mmoja ukakwanguka hadi vibonyo vikapotea. Nikamwambia kwa adabu, "Mzee, badili mpira kabla hujapiga, huu hautabeba hadi ng'ambo." Akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu. Akapiga. Mpira ukatoka vizuri, ukapinda, ukaingia majini. Nani kalaumiwa? Mimi! Eti nimempa upepo wa uongo. Halafu ndiyo akaenda baa na urembo wake.

Mpira laini usio na vibonyo, ukipigwa na draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, kwa nguvu ileile, unaenda karibu nusu tu ya umbali. NUSU! Vibonyo vinavuruga tabaka jembamba la hewa linalougusa mpira. Hewa ile ikishavurugika inaung'ang'ania mpira hadi karibu na mgongoni ndipo inaachia, kwa hiyo mkia wa hewa nyuma yake unakuwa mwembamba, na nguvu inayouvuta kurudi nyuma inapungua sana. Tena mpira ukizunguka kinyumenyume unaisukuma hewa chini, wenyewe unanyanyuka. Ndiyo maana unauona umetoka chini chini halafu unapanda. Kibonyo kina kina cha kama robo milimita, na mpira mmoja una vibonyo kati ya 300 na 500. Mtu kakwangua upande mzima, analaumu upepo!

Hata wachezaji wa Uskoti wa karne ya 19, enzi za mipira ya gutapecha, yaani utomvu mgumu wa mti, waliona kwa macho yao kwamba mpira mpya laini unadondoka mapema na uliojaa mikwaruzo kote unaruka vizuri. Wakaanza kuigonga nyundo makusudi. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor akachukua hataza ya vibonyo. Zaidi ya miaka 100 dunia inalijua hili, yeye anasema urembo. Mbele ya mlinzi wa geti!

Chuma_Saba:
Hii chai mkuu, lete na sukari. Tatizo la yule mzee si mpira, ni kiuno, hakijazunguka tangu enzi za Mwalimu. Hata umpe mpira wenye mabawa utaingia bwawani.

Mama_Grini:
Pole kaka. Lakini alikulipa? Maana mdogo wangu anamdai mwanachama mmoja hela ya begi tangu mashindano ya Pasaka, kila akipiga simu "niko kikaoni".

Kedi_Mkongwe:
Kanilipa dada. Siongelei hela, naongelea heshima. "Kabebe begi"! Wakati begi lake liko begani kwangu!

Sheria_Mkononi:
Kikanuni, katikati ya shimo huruhusiwi kubadili mpira kwa sababu umekwanguka, mpaka uwe umekatika au umepasuka. Ila kabla ya kuanza shimo jipya unabadili utakavyo. Kedi yuko sahihi.

Chuma_Saba:
Hizo kanuni ulizisahau wapi Jumamosi uliposogeza mpira kwa mguu nyuma ya mti?

Sheria_Mkononi:
Nilikuwa natoa jani.

Wa_Nairobi:
Poleni majirani. Huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko huko pwani. Shida yetu ni ada ya kucheza, nayo imepaa vilevile.

Pembeni_Kidogo:
Naulizia mpira usiopinda. Niliwahi kusikia upo.

Sheria_Mkononi:
Upo, uliitwa Polara, miaka ya 1970. Vibonyo vyake havikulingana pande zote, vilipangwa makusudi ili mpira ujirudishe kwenye mstari. USGA, chama cha gofu cha Marekani, ikaja na kanuni ya ulinganifu mwaka 1981, wenye mpira wakaenda mahakamani, mwaka 1985 wakamalizana nje ya mahakama kwa dola milioni 1.375.

Pembeni_Kidogo:
Kwa hiyo kitu pekee ambacho kingenisaidia kimepigwa marufuku. Sawa tu.

Tisa_za_Mwisho:
Jamani mwacheni mzee wa watu. Mbona hamumsemi yule anayeokota mipira bwawani, anaipaka rangi nzito hadi vibonyo vinajaa, anauza kama mipya? Nilichukua dazani, hakuna hata mmoja uliovuka miti ya mwanzo.

Mama_Grini:
Kumbe na wewe! Mimi ule wa kwanza nilipoupiga rangi ilibaki kwenye draiva. Draiva ya mume wangu, na hajui.

Chuma_Saba:
Na bei kapandisha mwezi huu. Anasema rangi imepanda.

Wa_Nairobi:
Huyo mtu ana tawi huku?

Kedi_Mkongwe:
Huyo wa rangi namfahamu. Anachanganya mizuri juu, mibovu chini. Kesho asubuhi atakuwa geti la nyuma, mwenye dazani yake aje nayo tukamrudishie.

Tisa_za_Mwisho:
Nakuja. Na ndoo nakuja nayo.