Neno "thurea" limetoka wapi?

Fundi Umeme, Magomeni
Habari za jioni wadau. Juzi mzee mmoja wa msikitini aliniita: "Mwanangu, njoo utufungie thurea." Nikaitikia tu, nikijua nikifika nitaona. Nikakuta boksi sakafuni, ndani yake taa ya mikono kumi na miwili, vioo vyake kama matone, na holda za globu zenye umbo la mshumaa. Sisi na wauzaji wa Kariakoo tunaiita shandelia. Nimetoboa zege nikaiwekea ndoano yake, maana mzigo ule haubebwi na jipsamu, seuze waya. Ila neno limenikaa kichwani. Mzee alilitamka kwa raha, th ya "thelathini". Ni Kiswahili kweli?

Mama wa Kinondoni
Ni Kiswahili, mwanangu, tena cha zamani. Asili yake ni Kiarabu, thurayya, na hilo kwanza ni jina la nyota: lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana ambalo sisi tunaliita Kilimia. Taa nyingi zikitundikwa pamoja na kuwaka juu ya vichwa vya watu, zinafanana nazo. Ndiyo jina likahamia darini.

Marehemu baba alikuwa na shamba Mkuranga, na Kilimia ndiyo nyota ya kwanza aliyonifundisha. Jina limetokana na kulima, kwa kuwa wakulima walikitazama kujua majira. Alipenda kusema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Desemba, saa nne usiku, simama pasipo na taa nyingi, geukia kaskazini, inua uso. Utahesabu sita, mwenye macho makali, saba.

Muuza taa, Kariakoo
Shikamoo mama. Wateja wangu kutoka Zanzibar huulizia thurea, wa hapa mjini shandelia. Na kandili ni hiyohiyo?

Mama wa Kinondoni
Marahaba. Hapana, kandili ni taa moja. Nalo limepitia Kiarabu, lakini ukilifuatilia hadi mwisho unafika kwenye Kilatini, candela, yaani mshumaa. Fanusi ni ile iliyozungushiwa kioo upepo usiizime. Kila moja ina jina lake, na inaniuma tukiyaacha yote tukashika "shandelia", ambayo haituambii chochote.

Fundi Umeme, Magomeni
Ahsante sana mama. Nilikuwa nimeshatundika nyota kumi na mbili bila kujua! Kesho nawapelekea risiti. Niandike thurea au thuria? Nimeona zote mbili.

Mama wa Kinondoni
Andika thurea, kama mzee alivyokutamkia.