Umezibwa na mgongo wa mtu, hukuona kitu, halafu unaita AUTI? Eti "nimesikia"!!!

Binti Unyanyembe (mwanzisha uzi)

Wakuu salamu baadaye, nikipoa nitawasalimia mmoja mmoja. Nimetoka uwanjani sasa hivi, vumbi liko hadi kwenye fizi, goti la kushoto limechubuka, hata kuoga sijaoga. Nimekaa barazani na jezi yangu naandika, na simu ina asilimia 9.

Yule mwamuzi. Simtaji. Mnamjua. Tabora nzima inamjua, Urambo wanamjua, Sikonge wanamjua, ng'ombe wa Igunga wakimwona wanageuza shingo. Yule wa kofia isiyovuliwa hata msibani, anayetembea kama kameza mwiko. Huyo huyo.

NIMESIKIA. Ndivyo alivyonijibu. Mtu ana macho mawili, nimemuuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, umeona?" Ananijibu, "Nimesikia."

Haya, ilikuwa hivi. Bonanza letu la softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka besi, uwanja ule wenye miembe. Raundi ya 7, ya mwisho, wanatuongoza 11 kwa 10, wawili wetu wameshatolewa, wa tatu akiitwa auti, yaani katolewa, mechi imeisha. Mimi niko besi ya pili. Mwenzangu kaupiga mpira ukaenda kushoto kule mbali, nikachomoka. Nimekata besi ya tatu sijapunguza mwendo, nakwenda homu, besi ya mwisho ya kupatia pointi. Kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 18 na ushee, kwa hiyo nimekimbia mita 36 kama mwizi wa kuku, na mimi ni mama wa watoto wawili.

Mdakaji wao, dada mmoja Mungu kamjalia, mgongo kama mlango wa ghala la tumbaku, kasimama katikati ya njia. Na yule bwana yuko wapi? Nyuma yake. Nyuma kabisa, amejibana kama mtoto aliyejificha kwenye kanga ya mamaye. Kwa pale aliposimama anachoweza kuona ni namba 8 ya jezi na jasho.

Nimeteleza. Mguu umegusa homu. Glavu imenipiga kiunoni PWAA, TUPU! Tupu kama mtungi wa mwezi wa kumi. Mpira umeshamponyoka, umebiringika hadi chini ya mwembe, katoto kamoja ka fulana ya njano kameuokota, kananiuliza, "Dada, nirushe?"

NIRUSHE! Mtoto ana mpira mkononi, kasimama kwenye kivuli, anaomba ruhusa ya kurusha. Na yule nyuma ya mgongo kainua ngumi: AUTIIII!

Mechi imeisha hapo. Mbuzi wa mshindi kaondoka.

"Nimesikia." Umesikia nini? Embe limedondoka!

Kasuku wa Isevya

Nimewahi siti ya mbele. Nani anauza karanga?

Tumbaku Kavu

Povu lote hili kwa ajili ya softiboli? Dada, watu wote wanaocheza softiboli mkoa huu mnaenea kwenye Noah mbili, na ya pili inabaki na nafasi ya mizigo.

Binti Unyanyembe

Tumbaku Kavu wewe nakujua, ulikuwepo, ulikaa upande wa soda. Mtoto alikuwa na mpira hakuwa nao?

Tumbaku Kavu

Nilikuwa naangalia soda.

Mchambuzi wa Kanyenye

Kuna kitu hakijakaa sawa. Umesema goti la kushoto limechubuka, halafu unasema mguu umegusa homu. Mguu gani? Maana kama ni wa kulia, goti la kushoto limechubukaje? Tusidanganyane humu.

Binti Unyanyembe

Mguu wa kushoto. Goti langu limeungana na mguu wangu. La kwako liko wapi?

Fundi Saa

Mimi nimewahi kuchezesha huu mchezo nilipokuwa Dar, kwa hiyo ngoja nimtetee kidogo kabla sijamzika.

Kusikia peke yake si kosa. Besi ya kwanza ndivyo tunavyofanya: macho unayakaza kwenye besi uone mguu, masikio unayaacha kwenye glavu, kwa sababu huwezi kutazama sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mlio ukitangulia mguu, auti. Lakini pale mkimbiaji hahitaji kuguswa, mlinzi wa besi akishika mpira na kukanyaga besi inatosha.

Homu kwa mkimbiaji aliyetoka besi ya pili ni habari nyingine. Huyo lazima aguswe, na aguswe na mpira. Glavu tupu ni kofi tu. Sasa kofi na glavu yenye mpira vina mlio unaofanana, hapo ndipo masikio yanapokuponza.

Alichotakiwa kufanya: mpira ukishapigwa kule kushoto na anaona mkimbiaji anakuja, avue kinyago, atoke nyuma ya mdakaji. Hatua mbili tatu pembeni, atafute upenyo kati ya glavu na mwili wa mkimbiaji. Mtu akiwa mbali lakini pembeni anaona kuliko aliyesimama karibu nyuma ya mgongo. Halafu asubiri. Vumbi litue, aulize mpira uko wapi, akiuona kwenye glavu ndipo ainue ngumi. Sisi tulifundishwa hivi: auti usiyoiona usiibuni.

Na kama amezibwa kweli, binadamu huzibwa, ana mwenzake. Anamwita pembeni, "Wewe umeona nini?" Hapungukiwi na kitu. Ila lazima aombe mwenyewe. Yule wa pili haruhusiwi kujitokeza akafuta uamuzi wa mwenzie.

Binti Unyanyembe

Mwenzake alikuwepo! Kasimama pale kati, kaona kila kitu, macho kayatoa kama bundi, anasubiri kuulizwa. Hajaulizwa hadi kesho. Fundi Saa, Mungu akuweke.

Fundi Saa

Kuna jingine hujalisema, dada. Mdakaji ambaye hana mpira haruhusiwi kusimama kwenye njia yako. Kama alikuzibia kabla mpira haujamfikia, hapo mwamuzi ananyoosha mkono wa kushoto pembeni, mchezo unaendelea, na wewe unapewa besi ambayo ungeifikia kama usingezibiwa.

Binti Unyanyembe

Kwa hiyo nimeonewa mara mbili kwa kuteleza mara moja. Asante. Nilikuwa naanza kupoa.

Kitukuu cha Isike

Na rufaa je?

Fundi Saa

Haipo. Rufaa ni pale mwamuzi anapokosea kanuni. Kama kakosea kuona, limeshapita.

Kitukuu cha Isike

Basi angesema tu kwamba kanuni inaruhusu kusikia, rufaa ingepatikana hapo hapo. Wajanja hamna kwenye timu yenu.

Mjuzi Mdogo

Haya mambo hayakuanza leo. Tarehe 2 Juni 2010, Detroit, Marekani, kwenye besiboli. Armando Galarraga anarusha mpira, amebakiza mtu mmoja tu akamilishe mchezo mzima bila mpinzani yeyote kufika hata besi ya kwanza. Mtu wa mwisho anakimbia, anatanguliwa na mpira wazi, mwamuzi Jim Joyce anaita "Sefu!", yaani hajatolewa. Dunia nzima inaona kakosea. Baadaye yule mzee kaangalia marudio, kakiri mbele ya waandishi kwamba kakosea, kamwomba kijana msamaha. Kesho yake wamekutana uwanjani, mzee analia. Uamuzi haukubadilishwa hadi leo.

Tofauti ni kwamba yule alikuwa na uwazi wote, hakuzibwa na mtu. Na bado aliomba radhi.

Tumbaku Kavu

Detroit ni baada ya Nzega au kabla?

Binti Unyanyembe

Umeona, Mjuzi Mdogo? Mzee wa watu kalia. Wangu mimi kaenda kula supu. Nimepita pale, nimemwona na bakuli, kofia kichwani. Nadhani hata ile supu hakuiona, aliisikia inachemka.

Jangwani Damu

Nyie mnalia na mwembe, sisi Yanga tumeporwa mchana mbele ya kamera. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, na Mamelodi Sundowns, Aziz Ki wetu kapiga mpira ukagonga mwamba ukadundia ndani ya mstari, watu na VAR yao wamesema si goli. Tukaenda penalti, tukatoka 3 kwa 2. Mwenye kamera haoni, wewe unataka mtu aliyezibwa na mgongo aone?

Mnyama Mkali

Hahaha wamerudi. Ule mpira ulidundia kwenye mstari. Miaka inapita bado mnalia tu.

Jangwani Damu

Ulidundia ndani. Nenda kapimwe macho, na ukitoka huko mwambie daktari amwite na mwamuzi wa Tabora.

Mnyama Mkali

Mwamba ulikuwa umekuziba, ndugu yangu.

*(Hapa kuna majibu kumi na kitu ya Yanga na Simba. Msimamizi kayatoa.)*

Msimamizi wa Jukwaa

Mada ni softiboli. Atakayetukana mama wa mtu tena anapumzishwa wiki mbili.

Mwisho wa Reli

Habari zenu watu wa Tabora, Kigoma huku tunawasoma tunacheka. Meli yetu ya Liemba ilizinduliwa mwaka 1915, ikazamishwa 1916 kwenye Ziwa Tanganyika, ikaibuliwa 1924, na ilipotoka ikaanza kazi ikaona njia yake. Mwamuzi wenu hajazama hata kwenye beseni.

Binti Unyanyembe

😂 Mwisho wa Reli usinichekeshe, goti linauma.

Mdau Makini 01 *(amejiunga leo)*

Habari za jioni wanajukwaa. Nimesoma malalamiko haya kwa masikitiko makubwa. Mwamuzi anayezungumziwa ni mtu mwadilifu na mwenye uzoefu. Wachezaji wajifunze kukubali matokeo. Alisimama sehemu sahihi kabisa nyuma ya homu kama inavyotakiwa, na nilisikia wazi mlio wa mpira ukiingia kwenye glavu.

Kasuku wa Isevya

NILI-sikia?

Kitukuu cha Isike

Nilisikia 😂😂😂 Shikamoo, mwalimu! Karibu jukwaani. Vua kofia ukae.

Tumbaku Kavu

Jamani nimeanguka kwenye kiti. Kajiunga leo saa 12 na dakika 40, supu haijashuka tumboni.

Mdau Makini 01

Nilimaanisha tulisikia. Mimi ni mtazamaji tu.

Fundi Saa

Mtazamaji, swali la kitaalamu. Ukiwa nyuma ya mdakaji, mpira unatoka kushoto, mkimbiaji anatoka besi ya tatu, unawaonaje wote watatu kwa pamoja?

Binti Unyanyembe

Mjibu Fundi. Halafu ukimaliza unijibu na mimi: yule mtoto wa fulana ya njano alikuwa ameshika nini? Chungwa?

Kasuku wa Isevya

Kimya.

Kitukuu cha Isike

Muacheni, huenda anatusikia.

Mchambuzi wa Kanyenye

Bado sijaridhika na suala la goti.

Mama Wawili Cheyo

Mimi nilikuwa uwanjani na sijasikia mtu yeyote akizungumzia jambo la maana. Yule mbuzi. Tuliambiwa mshindi anapata mbuzi mzima. Nimemwona kwa macho yangu, na sikuzibwa, ni mbuzi wa kilo tisa na kwato zake. Anakohoa. Hata mngeshinda mngegombania mguu.

Tumbaku Kavu

Na soda zilikuwa za moto.

Mama Wawili Cheyo

Za moto! Kreti limewekwa juani tangu saa nne, na kivuli cha mwembe kipo hatua tano.

Binti Unyanyembe

Jamani turudi kwenye mada. Kivuli cha mwembe ndipo mpira ulipokuwa.

Mwisho wa Reli

Mnaongelea mbuzi anayekohoa, mimi nina la kwangu. Juzi nimemtumia shemeji yangu hapo Tabora migebuka 12 kwa basi, wabichi, nimewapanga mwenyewe kwenye boksi la barafu, mkia kichwa, mkia kichwa. Wamefika tisa. Nampigia konda, ananiambia yeye kapokea tisa. Sasa hao watatu walishukia wapi?

Kitukuu cha Isike

Konda hakuona, alisikia tisa.

Mjuzi Mdogo

Mgebuka mbichi usitume kwa basi, kaka. Wakaushe kwa moshi kwanza, wanafika salama na hakuna konda anayejisumbua nao, harufu inawataja.

Mama Wawili Cheyo

Wa moshi ndio watamu. Unaloweka kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, unaweka nazi ya kwanza mwishoni. Mwisho wa Reli, unauza au unatuma kwa mashemeji tu?

Mwisho wa Reli

Nauza dada yangu, dagaa pia wapo. Ila mimi natafuta asali ya huko kwenu. Ile ya kweli ya porini, siyo ya sukari guru. Nani anayo?

Tumbaku Kavu

Mjomba wangu Sikonge ana mizinga. Njoo inboksi.

Binti Unyanyembe

Mpira ulikuwa chini ya mwembe!!! Simu inazima.

Kasuku wa Isevya

Asali lita bei gani?

Tumbaku Kavu

Inategemea, mnachukua ndoo au chupa?