Nyumba za walimu Ukerewe kwa paneli za karakana: tuanzie wapi?

NansioJuu
Habari wakuu. Kamati yetu ya ujenzi huku Ukerewe inataka nyumba za walimu zitengenezwe karakanani Mwanza, zije kuunganishwa shuleni. Eneo ni mwamba wenye mteremko. Tuchukue vyumba vilivyokamilika au vipande? Na halmashauri tuishawishije?

PimaMaji
Chukueni paneli, mkuu. Chumba kilichokamilika ni kizito kama kontena: tupu tu la futi 20 lina tani 2 na ushee, linataka kreni, na kreni haisimami kwenye mteremko wa mawe. Paneli ya bati pande mbili na foamu katikati, mita 1 kwa 3, unene milimita 75, ni kama kilo 30. Watu wawili wanaipandisha, na lori la kawaida linazivusha kwa kivuko cha Kisorya–Rugezi.

Ugumu uko kwenye msingi. Ukipinda sentimita 2, paneli ya mwisho haiingii, mafundi wanaikata kwa grenda, na kutu inaanzia hapo hapo. Msingi wa mita 6 kwa 8 upimeni kona kwa kona: mishazari yote miwili isome mita 10. Mwamba msiuchonge, toboeni, pulizeni vumbi lote, ndipo msimike nondo ya milimita 16 tunduni kwa grauti (uji wa saruji wa kujazia tundu). Vumbi likibaki, grauti haishiki. Mteremko unasawazishwa kwa urefu wa nguzo fupi za zege.

BatiNaMvua
Msisahau paa. Bati la mita 6 likipata tofauti ya joto ya nyuzi 40 linarefuka karibu milimita 3, kwa hiyo silikoni peke yake kwenye maungio itaachia. Pishanisheni bati sentimita 15, na skrubu ziwe na washa za mpira. Jiko la mkaa lisiwekwe ndani hata kidogo! Foamu nyeupe ya kwenye paneli inayeyuka na kuwaka. Jikoni jengeni kwa tofali.

Mkadiriaji_Igogo
Halmashauri ikiletewa nyumba moja itaona bei kubwa, maana gharama ya kuandaa fremu za kupimia (za kufanya paneli zote zilingane karakanani) inabebwa na nyumba hiyo peke yake. Unganeni shule kadhaa, mchoro mmoja.

Malipo ndiyo yanayoua karakana: inanunua chuma kabla shuleni hakujaonekana kitu, huku mkataba unalipa kwa hatua za pale eneo la ujenzi. Ombeni hatua moja ya malipo iwe karakanani. Mhandisi azikute paneli zimeunganishwa kwa majaribio, kila moja na namba yake, asaini, ndipo zifunguliwe na kupakiwa. Agizeni na paneli 2 za akiba. Moja ikipondeka njiani, mafundi watakaa wakisubiri kivuko.