Aliyezaliwa kipofu anadaiwa nini? Tumjadili Shankara na karma yake

Mleta mada:

Wakuu habari za jioni, mada ndefu kidogo naomba tuvumiliane.

Mtaani mtu akimtapeli mwenzake halafu wiki ijayo naye akakwapuliwa simu tunasema karma hiyo, malipo ni hapa hapa duniani. Mi siongelei hiyo. Naongelea karma ya Vedanta, falsafa ya Kihindu, hasa tawi la Advaita (linalosema nafsi ya mtu na Mungu ni kitu kimoja) la Shankara, yule mwalimu wa karne ya 8 ambaye wafuasi wake wanasema alizaliwa Kaladi, Kerala, kusini mwa India. Kule deni si lazima lilipwe wiki ijayo, linaweza kukungoja mpaka maisha yajayo kabisa na anayelipa hakumbuki hata alikopa lini na kwa nani.

Kilichonichokoza ni stori ya mpira. Wa umri wangu mnamkumbuka Glenn Hoddle, kocha wa timu ya taifa ya Uingereza kombe la dunia la 98. Mwisho wa Januari 1999 gazeti la The Times likatoa mahojiano yake, humo akaongelea waliozaliwa na ulemavu kwamba kuna sababu, kwamba karma inafanya kazi toka maisha mengine. Nchi nzima ikawaka hadi waziri mkuu Tony Blair akatia neno, na tarehe 2 Februari kibarua kikaota nyasi. Hoddle siyo Mhindu na alilalamika kwamba ameeleweka vibaya, lakini swali lake limebaki: ile kauli ni kumpotosha Shankara au ndo Shankara mwenyewe akiongea bila adabu ya kifalsafa?

Sikilizeni hoja yenyewe. Shankara anafafanua Brahma Sutra, kitabu cha msingi cha Vedanta, anafika sehemu anamleta mpinzani wa kubishana naye, anamwambia hivi, kama Mungu ndo kaumba kila kitu basi ana upendeleo na ni katili, maana miungu wanakula raha, wanyama wanateseka, binadamu wako katikati. Jibu lake ni mvua. Mvua inanyesha sawasawa juu ya mpunga na juu ya shayiri, ila huu ukiota mpunga na ile ikaota shayiri humlaumu mvua, utofauti uko kwenye mbegu, na mbegu ni karma ya kila mmoja. Mpinzani hachoki (huyu mpinzani nampenda sana), anauliza sasa ile siku ya kwanza kabla hakuna aliyetenda chochote utofauti ulitoka wapi? Shankara anamjibu hakuna siku ya kwanza, ni kama mbegu na mche, mbegu inatoka kwenye mche na mche unatoka kwenye mbegu, huko nyuma hakuna mwanzo.

Mi hapo ndo nakwama. Naona kamtoa Mungu mahakamani akiwa huru halafu kesi nzima kaiacha kwa mtoto aliyezaliwa kipofu. Na hilo la kutokuwa na mwanzo, ni kama una deni dukani, ukiuliza limetokana na nini unaoneshwa daftari la mwaka juzi, ukiuliza la mwaka juzi unaoneshwa la kabla yake, kila ukurasa una maelezo ila daftari zima halina. Karibuni.

mwalimu wa zamu:

Mkuu umemsoma nusu. Wewe unasoma karma kama hukumu ya hakimu, Vedanta haisemi hivyo. Wana lundo la karma zote zilizokusanyika, halafu kuna fungu lililoshaanza kuzaa matunda ndo mwili huu ulio nao, halafu kuna unazozitenda sasa. Fungu la pili ni kama mshale umeshatoka kwenye upinde, huurudishi, hata mtu akipata ujuzi wa kweli leo mwili wake utaendelea mpaka mshale uishiwe nguvu. Ila hizo unazotenda sasa ziko mikononi mwako. Kwa hiyo mafundisho haya yanakuelekeza mbele, hayakuambii ukae unapekua makosa ya jirani.

Na nikuulize, wewe unayeamini maisha ni haya haya tu mtoto akizaliwa haoni unamwambia nini? Bahati mbaya? Hata wale wanafunzi kwenye Yohana 9 walimuuliza Yesu swali hili hili, nani alitenda dhambi huyu au wazazi wake, na akawaambia si huyu wala wazazi wake. Jibu zuri, lakini angalia swali lilivyo, kosa la mtu aliyezaliwa akiwa hivyo lingekuwa la lini kama si kabla ya kuzaliwa? Binadamu popote alipo anataka sababu.

mzee wa bando:

mi nataka kujua tu bando kuisha kabla ya siku saba ni karma ya maisha gani hahaha. haya endeleeni nipo nasoma

bintitanga:

Kaka mwalimu umeeleza vizuri lakini unapamba. Eti haisemi upekue ya jirani? Fungua Chandogya Upanishad, moja ya maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, sura ya tano, mle kuna maneno ambayo Vedanta nzima inayategemea: waliokuwa na mwenendo mzuri watapata tumbo zuri, la Brahmini (makuhani) au Kshatriya (wapiganaji) au Vaishya (wafanyabiashara na wakulima), yaani matabaka ya juu, na waliokuwa na mwenendo unaonuka watapata tumbo la mbwa au la nguruwe au la Chandala. Chandala ni MTU jamani, ndo hao waliokuja kuitwa wasioguswa, kapangwa mstari mmoja na nguruwe. Sasa ukikutana na Chandala njiani unahitaji kupekua? Maandiko yameshakupekulia.

Na siyo kitabu tu. Huyu huyu Shankara kwenye huo huo ufafanuzi anasema Shudra, mtu wa tabaka la chini la watumishi, hana haki ya kujifunza Veda, maandiko matakatifu yao ya kale zaidi, na analeta sheria za zamani za kumwagia madini ya risasi yaliyoyeyushwa masikioni Shudra anayesikiliza. Yaani umezaliwa chini kwa makosa usiyoyakumbuka, na dawa ya kukutoa kwenye mzunguko wote wa kuzaliwa na kufa iko kwenye Veda, na Veda huruhusiwi kuisikia kwa sababu umezaliwa chini. Huo mduara mlishauona?

Ndo maana Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India na mwenyewe kazaliwa kwa wasioguswa, mwaka 1956 pale Nagpur alitoka Uhindu akaingia Ubudha na watu laki kadhaa nyuma yake. Na hata huko aliikataa karma ya maisha yaliyopita, hoja yake ilikuwa kwamba fundisho hilo linaipa serikali na jamii njia ya kukwepa wajibu kwa maskini. Mimi na Ambedkar.

mwalimu wa zamu:

Dada hilo la Shudra silitetei na sitalitetea. Niongeze tu kwamba Shankara aliwaruhusu kusikia hadithi kuu ndefu kama Mahabharata, na Purana, vitabu vya hadithi za kale za miungu, ujuzi haukufungwa wote.

bintitanga:

Asante kwa makombo.

Mleta mada:

Hahaha jamani taratibu. Nimerudi kusoma palepale alipopataja binti kwa sababu nilikuwa naparuka, nakiri. Na nimekuta kitu. Shankara anajua ana tatizo, maana kwenye hadithi zao wapo watu wa tabaka la chini waliokuwa na hekima kubwa, Vidura mmoja, na mwingine Dharmavyadha, yule muuza nyama kwenye Mahabharata aliyemfundisha Brahmini mpaka Brahmini akanyamaza. Anawaelezaje? Anasema walipata ujuzi kwa sababu ya waliyoyatenda maisha ya nyuma.

Oneni alichofanya hapo bila kutaka. Kama muuza nyama anaweza kuwa kabeba mali kubwa ya rohoni kuliko Brahmini basi kuzaliwa hakusomeki kama faili la polisi. Huwezi kumtazama mtu mguu wake au macho yake ukasema najua huyu alifanya nini, lundo lake lote hulioni, unaona fungu moja tu. Kwa hiyo Hoddle anafeli hata kwa kanuni za Shankara mwenyewe na hapo nampa mwalimu pointi yake. Ila binti naye yuko sahihi kwamba Shankara mwenyewe hakuifuata hiyo hoja mpaka mwisho, kasamehe watu wawili wa kwenye hadithi halafu waliokuwa hai mtaani kwake kawafungia mlango.

Halafu kuna hili ndo limeninyima usingizi. Mwanzoni mwa ufafanuzi wake kuna sehemu anasema ni kweli, hakuna anayezunguka kuzaliwa na kufa isipokuwa Bwana mwenyewe. Mnaelewa uzito wake? Kwamba mwisho wa yote mvua ni ileile mbegu. Basi ile kesi aliyomwachia mtoto mshtakiwa hayupo, na deni halina mdaiwa. Sasa mwalimu nijibu, mtoto anayelia saa nane usiku, analia nani?

mwalimu wa zamu:

Analia mtoto. Hiyo kauli ni ya ngazi ya ukweli wa mwisho, maisha ya kila siku yana ngazi yake na humo karma inafanya kazi kama kawaida. Mfano wao wa siku zote ni kamba. Unapita gizani unakanyaga kamba ukadhani nyoka, nyoka hayupo ila jasho linalokutoka ni jasho kweli na mbio unazopiga ni mbio kweli. Taa ikiwashwa huambiwi nyoka kakimbia, hakuwepo toka mwanzo.

bintitanga:

Mfano mzuri kaka. Ila aliyezima taa nani? Na usiniambie giza nalo halina mwanzo.

mwalimu wa zamu:

Ndo wanavyosema.