Naomba ushauri: tumuenzi vipi kocha wetu?

Wakuu, kocha wetu wa sekondari, ambaye pia alitufundisha hesabu, amefariki. Wachezaji wake wa zamani tumechanga pesa kidogo, na sasa tunavutana. Wengine wanataka kombe la kila mwaka lenye jina lake. Mimi naona mfuko wa ada ungemfaa zaidi, maana yule mzee akikukuta na alama mbovu alikuweka benchi hata kama ni fainali (yalinikuta, nikalia). Ila mfuko unataka katiba, akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na watu wa kuufuatilia miaka na miaka. Mjane bado hatujamuuliza, naona aibu. Mliowahi kufanya hivi, mlianzia wapi? Familia mliihusisha lini?